Namba iliyochongwa kwenye kitako cha draiva siyo pembe ya mpira

Mhariri,

Kwenye kurasa zenu za michezo mlichapisha ushauri kwa wachezaji gofu ambao mipira yao hairuki juu. Mwandishi wenu alisema dawa ni moja tu: waache draiva yenye pembe ya nyuzi 9, yaani digrii 9, wachukue yenye nyuzi 12. Makala ile nimeirudia mara mbili nikitafuta kama kuna aya iliyodondoka wakati wa kuchapa. Sikuiona.

Sina ugomvi na mwandishi. Ushauri huo huo niliufuata mimi kabla yake, ukanila msimu mzima pamoja na pesa ya fimbo mpya. Naandika ili msomaji mwingine asipite njia ile ile.

Mimi ni fundi seremala mstaafu. Nimeshika randa na patasi miaka 37, na gofu nimeianza nikiwa na miaka 58, mwanangu aliponiachia mfuko wa fimbo zake asizozihitaji tena. Pembe, kwa hiyo, si kitu kigeni kwangu. Nimekata mapaa, nimekata ngazi, nimekata fremu za picha ambazo kosa la nusu digrii linaonekana hata na mtoto. Ndiyo maana naona aibu kusema kwamba ilinichukua miaka miwili kuelewa pembe ya fimbo moja.

Kwa asiyecheza: draiva ni fimbo ndefu kuliko zote mfukoni, ile ya kuanzia shimo, yenye kichwa kikubwa kama embe dodo. (Si dereva wa basi. Mjukuu wangu aliniuliza.) Uso wake haukusimama wima kabisa; umelala nyuma kidogo, na kulala huko wachezaji wanakuita lofti. Namba ya lofti huchongwa kwenye kitako: 9, au 10 na nusu, au 12. Pembe ya kuruka ni kitu kingine. Hiyo ni pembe ambayo mpira unafanya na ardhi pale unapoachana na uso wa fimbo. Makala yenu ilivichukulia vitu hivi viwili kama kimoja, na hapo ndipo nilipoanzia kupotea na mimi.

Mipira yangu na ile draiva ya nyuzi 9 ilikuwa ya ajabu. Inaanza chini, karibu ikate majani, halafu katikati ya safari inainuka yenyewe kama tiara lililopata upepo, inasimama angani, inaanguka palepale. Nikasema hii fimbo haina lofti ya kutosha. Nikapata ya 12. Mipira ikainuka zaidi, ikasimama zaidi, ikaanguka karibu zaidi. Wenzangu wakawa wananiambia, "Fundi, leo umepiga mwavuli."

Siku moja nikaenda uwanja wa mazoezi penye mashine ya rada, ile inayowekwa nyuma ya mchezaji na kusoma mwendo wa fimbo na wa mpira. Kijana aliyeisimamia aliniacha nipige mipira kumi kwa kila fimbo. Kisha akageuza kioo kunionyesha.

"Mzee, unapiga kwa kushuka."

"Nashuka wapi, mwanangu? Mbona mpira uko juu ya tii, kile kijiti cha kuuinua?"

"Kichwa cha fimbo kinapogusa mpira bado kinakwenda chini. Nyuzi nne."

Kwa fimbo ya 9, mpira wangu ulikuwa ukiondoka kwa nyuzi 8 hivi. Kwa ile ya 12, kama nyuzi 10 na nusu. Nyuzi tatu nilizozinunua hazikufika zote. Na mzunguko wa mpira, ule wa kinyumenyume unaoubeba hewani, ulikuwa umepita 3,500 kwa dakika kwa fimbo ya kwanza na 4,000 kwa ya pili. Kijana akasema mzunguko huo ni mwingi mno kwa draiva, akaenda kuhudumia mtu mwingine. Nilibaki na karatasi yenye namba, kama mgonjwa aliyepewa majibu ya maabara bila daktari.

Kilichonifungua macho ni patasi. Kila fundi anajua patasi ina pembe mbili. Kuna ile uliyoinoa kwenye jiwe, ambayo haibadiliki mpaka uinoe tena. Na kuna ile unayoishikia kazini. Patasi ile ile, ukiilaza inaparura unyoya mwembamba. Ukiisimamisha inazama kwenye mbao. Namba ya kwenye kitako cha draiva ni pembe ya jiwe la kunolea. Mpira hauijui. Mpira unaijua pembe ya uso pale unapoguswa, na mguso wenyewe unadumu kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Mikono ikiwa imetangulia mbele ya kichwa cha fimbo katika mguso huo, uso unasimama na lofti inapungua. Kichwa kikiwa kimetangulia mikono, uso unalala na lofti inaongezeka. Mtu mmoja, fimbo moja, siku moja, anaweza kupata nyuzi 10 asubuhi na 15 jioni.

Halafu kuna shafti, yaani mti wa fimbo, kutoka mikononi hadi kichwani. Wengi wanaamini shafti inarudi nyuma kama fimbo ya kuchungia na kubaki nyuma mpaka mwisho. Fanya hivi nyumbani: laza draiva ukingoni mwa meza, kichwa kikining'inia nje, uiache shafti ijizungushe yenyewe. Utaona uso unageuka kutazama juu. Sababu ni kwamba uzito wa kichwa hauko kwenye mstari wa shafti. Uko nyuma yake. Sasa fimbo inapozunguka kwa kasi, uzito ule unavutwa nje ujipange na mikono, na unapojipanga unaipinda shafti kuelekea mbele. Uso unalala. Ndiyo maana wachezaji wa kulipwa wenye draiva zilizoandikwa 9 au 10 hufika kwenye mpira wakiwa na nyuzi 13 hivi. Watengenezaji wanajua jambo hili vizuri: uzito ukisogezwa nyuma ya kichwa mpira unaelekea kuruka juu, ukisogezwa karibu na uso mpira unaelekea kuruka chini na mzunguko unapungua. Ugumu wa shafti nao una mchango, ila mdogo kuliko wauzaji wanavyohubiri.

Hapo nikarudi kwenye zile nyuzi nne za kushuka. Wanaopima mambo haya wamekuta kwamba kwa draiva, karibu asilimia 85 ya pembe ya kuruka inatokana na mahali uso unapotazama wakati wa mguso, na asilimia 15 iliyobaki inatokana na mwendo wa kichwa, kama kinapanda au kinashuka. Nilipoyasikia haya mara ya kwanza nikadhani kushuka kwangu ni jambo dogo basi, asilimia 15 tu. Nikachukua penseli. Tuseme uso unatazama nyuzi 14 na kichwa kinapanda nyuzi 2: mpira unaondoka kwa nyuzi 12 na kidogo. Tuseme uso ni huo huo 14 lakini kichwa kinashuka nyuzi 4: unaondoka kwa nyuzi 11 na kidogo. Tofauti haifiki nyuzi moja! Ukisimama pembeni huwezi kuiona kwa macho.

Lakini angalia pengo kati ya uso unakotazama na kichwa kinakokwenda. Mara ya kwanza pengo ni 12, mara ya pili ni 18. Pengo hilo ndilo linalozalisha mzunguko wa kinyumenyume, na mzunguko unakua karibu sawasawa na pengo. Kwa hiyo mipira miwili inaweza kuondoka kwa pembe zinazofanana kama pacha, mmoja ukaenda zake na mwingine ukapanda mwavuli. Nilipoongeza lofti bila kuacha kushuka, nililipanua pengo. Nilichonunua hasa kilikuwa mzunguko.

Sasa nifike kwenye rula, maana hapa ndipo nilipocheka peke yangu karakanani. Nilitaka kuthibitisha kama namba 12 ni ya kweli, nikaweka rula ya chuma wima juu ya uso wa draiva, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Rula haikulala. Iligusa katikati tu, juu na chini kukawa na mwanga. Uso wa draiva una tumbo! Umevimba kutoka kisigino (upande wa shafti) hadi kidoleni (upande wa ncha), na umevimba pia kutoka juu hadi chini. Miaka miwili nimeushika na kuufuta kwa taulo bila kuona kwamba si bapa.

Maana yake ni nini? Kwamba lofti iliyoandikwa ni ya katikati peke yake. Mpindo wa juu hadi chini kwenye draiva nyingi ni kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 hivi. Fundi yeyote anaweza kupiga hesabu: ukipanda sentimita 1 juu ya katikati, lofti imeongezeka karibu nyuzi 2. Ukishuka sentimita 1, imepungua nyuzi 2. Kwa hiyo kati ya kupiga juu kidogo na kupiga chini kidogo ya uso, umebadilisha fimbo ya 12 kutoka 14 hadi 10 bila kwenda dukani.

Na si hilo tu. Mpira ukigusa juu ya kitovu cha uzito, pale uzito wa kichwa unapojisawazisha, kichwa kinasukumwa kulala nyuma kidogo, na uso unapozunguka hivyo unaupunguzia mpira mzunguko wa kinyumenyume, kama gia mbili zinazogusana. Ukigusa chini ya kitovu hicho, mambo yanageuka: pembe inapungua na mzunguko unaongezeka. Huo ndio ulikuwa mpira wangu wa tiara. Unaanza chini kwa sababu ya pembe, unainuka baadaye kwa sababu ya mzunguko. Kumbe dalili zote mbili zilikuwa za ugonjwa mmoja, na mimi nilikuwa nikitibu moja kwa kuongeza nyingine.

Nikapaka chaki usoni mwa fimbo. Chaki yangu ni ile unga wa buluu ya kupigia mstari wa mbao, nyepesi, inaacha alama safi. Mipira kumi na miwili, alama kumi na mbili, tisa kati yake chini ya katikati. (Fanyeni hivyo mazoezini peke yake. Kanuni ya 4.1 ya gofu inakataza kupaka kitu kwenye kichwa cha fimbo wakati wa raundi ili kubadili inavyopiga, na inakataza pia kuzungusha kola ya kurekebisha lofti, ile pete ya shingoni mwa fimbo, ukiwa katikati ya mchezo.)

Kilichofuata hakikuhitaji pesa. Tii zangu nilikuwa nazizamisha mno kwa sababu niliogopa kupita chini ya mpira. Nikazipiga mstari wa penseli, milimita 38 kutoka kikombe, na sasa nazizamisha hadi pale na si zaidi; nikiuweka mpira, nusu yake inachungulia juu ya utosi wa fimbo. Mpira nikausogeza mbele, usawa wa kisigino cha mguu wa kushoto, nami napiga kwa mkono wa kulia. Kichwa cha fimbo kinazunguka kama bembea: kinashuka, kinafika chini kabisa, kinaanza kupanda. Mpira ukiwa katikati ya miguu unakutana nacho kikishuka. Ukiwa mbele, kimeshapita chini. Bega la kushoto nikaliacha liwe juu kidogo ya la kulia tangu kusimama.

Hapo katikati nilifanya upuuzi mmoja ambao nauona kwa wengi: nilijaribu kuunyanyua mpira kwa kuegemea nyuma wakati wa kupiga, kama mtu anayechota mchanga kwa sepetu. Uzito ukibaki mguu wa nyuma, sehemu ya chini ya bembea nayo inarudi nyuma. Fimbo ikachimba ardhi mara mbili, ya tatu ikapiga kichwa cha mpira ukabiringika kama chungwa. Kedi, mbeba mfuko wa fimbo, aliyekuwa karibu alitazama pembeni kwa heshima.

Baada ya miezi miwili nilirudi kwenye rada na fimbo zote mbili. Ile ya zamani, ya 9, sasa ilikuwa inauondosha mpira kwa nyuzi 12 na nusu, mzunguko chini ya 2,800. Kichwa kilikuwa kinapanda nyuzi 2. Fimbo ile ile iliyokuwa ikinipa 8! Umbali uliongezeka hatua ishirini hivi, na kwa umri wangu hatua ishirini ni zawadi.

Nisiwe mkali kupita haki. Lofti kubwa ina watu wake. Mwenzangu wa kila Jumamosi, ambaye namwita dada kwa kuwa amenitangulia miaka mitatu, anapiga taratibu na kichwa chake kinapanda vizuri tangu zamani. Kwa draiva ya 9 mpira wake ulikuwa unakufa mapema kwa sababu kasi yake haitoi nguvu ya kuubeba. Nilimpa ile ya 12. Tangu hapo hajaniomba ushauri mwingine wowote, na ananishinda. Kwake makala yenu ingekuwa sahihi. Tatizo ni kwamba yeye na mimi tungeisoma siku moja, tukachukua dawa moja, mmoja akapona na mwingine akazidi.

Tazameni pia walio juu kabisa. Katika wastani wa miaka ya nyuma uliotolewa na TrackMan, watengenezaji wa mashine za rada, wanaume wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, walizungusha draiva kwa maili 113 kwa saa, kichwa kikishuka nyuzi 1.3, mpira ukiondoka kwa nyuzi 10.9. Wanawake wa LPGA, mashindano kama hayo ya wanawake, walizungusha kwa maili 94, kichwa kikipanda nyuzi 3, mpira ukiondoka kwa nyuzi 13.2. Mzunguko ulikaribiana: 2,686 na 2,611 kwa dakika. Mwenye kasi kubwa anabebwa na hewa hata akianza chini. Mwenye kasi ndogo inambidi aanze juu zaidi. Sisi wazee tunaozungusha kwa maili 85 tunatazama televisheni na kuwaiga wanaume wale, wakati walimu wetu wangepaswa kuwa wanawake. Na kwa anayeamini bado namba ya kitakoni: mchezaji wa kulipwa Bryson DeChambeau alishinda mashindano ya US Open ya 2020 kwenye uwanja wa Winged Foot akiwa na draiva ya nyuzi 5 na nusu. Mpira wake haukuwa unakata majani.

Neno kuhusu zile kola za kuzungusha, maana mwandishi wenu alizigusa kwa mstari mmoja. Ni kweli zinaongeza au kupunguza lofti, ila kwenye draiva nyingi ukiongeza lofti uso nao unafumba ukiiweka fimbo chini, na kwa mpigaji wa mkono wa kulia mpira unaanza kuvutika kushoto. Msomaji anayezungusha kola na kuona mpira umeingia vichakani aelezwe mapema kwamba hajaharibu kitu. Na upepo, ambao makala iliulaumu pia, haubadili pembe ya kuruka hata kidogo. Unakuta mpira umeshaondoka.

Ombi langu kwa meza ya michezo ni dogo. Mnapoandika kwamba fulani amepiga draiva yadi 300, tupeni na pembe ya kuruka na mzunguko panapopatikana. R&A na USGA, wanaotunga kanuni za gofu, walipotangaza Desemba 2023 vipimo vipya vya kujaribia mipira, walivitaja vitatu kwa pamoja: kasi ya fimbo maili 125 kwa saa, pembe ya kuruka nyuzi 11, mizunguko 2,200 kwa dakika. Umbali bila pembe na mzunguko ni kama kuniambia mlango una urefu gani bila kunipa upana.

Na mwandishi wenu, kama hataki kuniamini kuhusu lile tumbo la draiva, aichukue yake na rula yoyote ya chuma asimame dirishani. Chaki nitampa mimi.

Msomaji wenu,
Fundi seremala mstaafu